Maktaba ya shule Kadutu bila intaneti: tuanze na kisanduku cha Wi-Fi au tableti?

Mwalimu_Kadutu

Jambo kwenu wote. Shule yetu ni ya sekondari, iko Kadutu, Bukavu. Wanafunzi ni 430, kuanzia la 7 mpaka mwaka wa nne wa humanités, yaani mwisho wa sekondari. Maktaba ni chumba kimoja chenye meza 6. Vitabu vingi ni vya Kifaransa vya zamani, na vya sayansi ndivyo vimechanika zaidi kwa sababu ndivyo vinashikwa zaidi. Umeme unakuja usiku kuliko mchana, na mega za intaneti shule haziwezi kuzinunua kila mwezi.

Kamati ya wazazi imekubali kutoa dola 600, mara moja tu. Wazazi wengi wanataka tableti, kwa sababu zinaonekana. Prefe, mkuu wa shule, anataka kile kisanduku kinachotoa Wi-Fi chenye Wikipedia na mazoezi ndani, bila intaneti. Kipi kianze? Umeme wa jua unatakiwa kiasi gani? Na masomo yaliyomo yanaweza kweli kumsaidia mtoto anayejiandaa kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, au watakuja kutazama picha tu? Naomba hesabu na vipimo.

FundiSola_Bkv

Jambo Mwalimu, pole na kazi. Kisanduku hakina njaa ya umeme. Tableti ndizo zenye njaa, na hapo ndipo bajeti za shule zinapopasukia. Tuhesabu.

Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo iliyo ndani ya kisanduku, ikiwa imetulia inakula kama wati 3, ikifanya kazi sana inafika 6. Kifaa cha kutawanya Wi-Fi cha volti 12 kinakula kama wati 6. Jumla tuseme 12. Kwa saa 8 za shule ni 96 Wh (wati mara saa) kwa siku. Sasa tableti moja yenye batri ya 5,000 mAh: zidisha kwa volti 3.7, unapata 18.5 Wh, na ukiongeza kinachopotea kwenye chaja, hesabu 25. Tableti 20 ni 500 Wh. Yaani tableti 20 zinakula mara tano zaidi ya kisanduku kinachowalisha wote masomo.

Paneli ya wati 100 hapa Bukavu, msimu wa mvua, usiihesabie zaidi ya saa 4 za jua kamili. 100 mara 4 ni 400. Toa asilimia 30 ya joto, nyaya na mawingu, zinabaki 280 Wh. Kisanduku kinachukua 96, zinabaki 184, ambazo zinajaza tableti 6 na kubakiza kidogo tu. Una meza 6. Weka tableti moja kwa kila meza, acha hapo. Dola 600 hazitoshi tableti 20 pamoja na umeme wake, na ukinunua tableti bila umeme, baada ya wiki mbili watoto watakuwa wanazipeleka kwa wachaji wa barabarani.

Batri: ya asidi, 12 V 50 Ah, ni 600 Wh, lakini tumia nusu tu. Ukiishusha chini ya nusu kila siku, haimalizi mwaka vizuri. Ikiwa imepumzika bila kazi yoyote, 12.7 V ni imejaa, 12.2 V ni nusu, 11.8 V umeshaiumiza. Andika namba hizo tatu kwenye karatasi, ibandike juu ya batri, na mtunza maktaba apime kila asubuhi kabla ya kuwasha. Kontrola, kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na batri, ya 10 A inatosha. Unganisha batri kwanza, kisha paneli. Ukifungua, paneli itoke kwanza. Ukigeuza mpangilio huo, kontrola za bei ndogo zinaungua, kwa kuwa zinapokea volti za paneli bila batri ya kuzishika. Fyuzi ya 15 A iwe karibu kabisa na chanya ya batri, si upande wa pili wa waya.

Waya kutoka paneli: ikiwa ni mita 10, tumia wa mm² 4. Kwa ampea 6, kwenda na kurudi mita 20, unapoteza kama nusu volti. Ukitumia wa mm² 1.5 unapoteza volti 1.4, na siku ya jua kali, paneli ikiwa moto, chaji haifiki mwisho. Mtu atakwambia batri ni mbovu kumbe ni waya.

Usinunue konvertisa, ile inayogeuza 12 V kuwa 220 V, kwa ajili ya kisanduku. Ndogo tu inaweza kula wati 6 mpaka 10 ikiwa haifanyi kitu, yaani inakula kama mgeni wake. Tumia kipunguza volti kutoka 12 kwenda 5.1 V, chenye uwezo wa ampea 5, waya wake mfupi na mnene. Hii ndiyo sababu namba moja ya visanduku kuzimika vyenyewe: waya mrefu mwembamba, volti zinashuka chini ya 4.63, mashini inapunguza mwendo halafu inaanguka. Kwenye dirisha la amri la Pi, andika `vcgencmd get_throttled`. Ikijibu 0x0 uko salama. Ikijibu 0x50000, volti zilishawahi kushuka tangu uwashe.

Na radi. Utafiti wa setilaiti uliotoka mwaka 2016 uliweka upande wa Kabare, hapa jirani na Bukavu, kuwa wa kwanza Afrika nzima: zaidi ya mimweko 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Hapa si suala la kama itapiga. Weka kizuia-mshtuko cha umeme wa DC kwenye waya wa paneli, fremu ya paneli na mabati viungwe ardhini kwa nondo ya mita 1.5, na usivute waya wa mtandao kutoka jengo moja kwenda jingine. Waya wa namna hiyo unakusanya mshtuko hata radi ikipiga mbali. Mvua kubwa ikianza, mtunza maktaba achomoe paneli. Swichi moja ya kukata, mlangoni, inatosha kazi hiyo.

Katuba_Info (Lubumbashi)

Fundi ameeleza vizuri, lakini niongeze njia ya pili. Kama shule ina laptop ya zamani inayowaka, hata kama ni ya miaka kumi, inaweza kuwa seva. Ina batri yake, kwa hiyo umeme ukikatika haianguki. Ina saa yake ya ndani, ambayo Raspberry Pi 4 haina. Ina kioo na kibodi. Kiwix (programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti) na Kolibri (ya masomo na mazoezi) zote zinaingia kwenye Windows na Linux.

Hasara ni mbili. Inakula wati 15 mpaka 25, kwa hiyo kwa saa 8 inakula zaidi ya 120 Wh, na ile hesabu ya tableti 6 inavunjika. Pili, Wi-Fi ya Windows yenyewe inapokea vifaa 8 tu, basi bado utahitaji kifaa cha kutawanya. Lakini kama laptop ipo tayari, pesa iliyobaki inunue paneli ya pili.

MamaMaktaba

Mwalimu, mimi nijibu swali lako la tatu, kwa kuwa ndilo linaloamua kama chumba kitajaa au kitafungwa.

Weka Kiwix kwa kusoma na Kolibri kwa mazoezi. Kiwix inafungua mafaili ya ZIM, yaani tovuti nzima iliyofungwa ndani ya faili moja. Wikipedia ya Kifaransa yenye picha inazidi GB 30. Kuna toleo lisilo na picha ambalo ni dogo zaidi, lakini biolojia na jiografia bila picha zinapoteza nusu ya faida. Ongeza Vikidia, ensaiklopidia ya Kifaransa iliyoandikwa kwa watoto wa miaka 8 mpaka 13. Mtoto wa la 7 akifungua Wikipedia kuhusu "photosynthèse" anakutana na fomula kabla hajajua jani linafanya nini. Kwenye Vikidia anaelewa, halafu anapanda. Ongeza PhET, majaribio ya fizikia na kemia ya Chuo Kikuu cha Colorado, ambayo yana Kifaransa. Kwa shule isiyo na maabara, saketi ya umeme inayojengwa kwenye kioo ni afadhali kuliko mchoro wa ubaoni. Wikipedia ya Kiswahili pia iweke. Ni ndogo, haikuchukulii nafasi.

Kolibri ina Khan Academy ya Kifaransa. Usipakue yote. Chagua sura kwa sura, kwa kuwa video ndizo nzito. Na hapa kuna mtego: mpangilio wake si wa programu yetu ya Kongo. Ukimwacha mwanafunzi aingie peke yake, atapotea kwenye majina ya madarasa ya nchi nyingine. Dawa yake ni daftari moja la karatasi, linakaa mezani. Kushoto, sura ya programu ya taifa kama mwalimu anavyoiandika kwenye jurnali yake. Katikati, jina kamili la ukurasa wa Kiwix. Kulia, zoezi la Kolibri. Kila mwalimu ajaze mistari 10 ya somo lake kabla kisanduku hakijafunguliwa. Maktaba zinazoruka hatua hii, watoto wanatafuta majina ya wachezaji wa mpira mpaka mwisho wa mwaka, na si kosa lao.

Maswali ya Exetat ya miaka iliyopita: yapigeni skana kwa 150 dpi, rangi ya kijivu, PDF. Inatosha kusomeka na faili linabaki jepesi. Yanaingia Kolibri kupitia Kolibri Studio, tovuti ya kuandaa masomo, ambayo inahitaji intaneti wakati wa kuyapandisha na kuyapakua kwenye Kolibri ya kwanza tu. Baada ya hapo unayabeba kwenye flash. Studio inapokea PDF, EPUB, MP3 na MP4, kwa hiyo hata mwalimu wa Kiswahili anaweza kurekodi imla kwa sauti yake.

Kwenye Kolibri, fungua darasa, andikisha wanafunzi, na ruhusu waingie bila neno la siri. Neno la siri linakula dakika 10 za kila kipindi, maana nusu ya watoto wamelisahau. Mwalimu akitoa zoezi, anaona nani amekwama swali gani. Hiyo ndiyo faida ambayo kitabu hakina.

Hesabu ya nafasi: tableti 6, watoto 3 kwa tableti, ni 18 kwa kipindi. 430 gawanya kwa 18 ni vipindi 24. Ukiwa na vipindi 5 kwa siku, kila mtoto anapita mara moja kwa wiki. Watatu ni idadi nzuri: mmoja anashika, mmoja anasoma kwa sauti ndogo, mmoja anaandika, na wanabadilishana kila dakika 15. Wakifika wanne, wa nne haoni kioo. Video zisichezwe kwenye tableti zote pamoja, chumba kitakuwa soko. Meza moja ya video, nyingine tano mazoezi na kusoma.

Na vitabu msiviondoe kwenye rafu. Zikija siku tatu za mawingu mfululizo, ndivyo vitakavyobaki.

Mwalimu_Kadutu

Asanteni sana, Mama na Fundi, na ndugu wa Lubumbashi. Prefe amesoma, amekubali tableti 6. Tumeazima Raspberry Pi ya kujaribia kutoka chuo kimoja, na tayari kuna mambo matatu. Faili la Wikipedia linakataa kuingia kwenye flash ya GB 64 ingawa ni tupu kabisa. Kwenye kadi ya memori tuliyonunua sokoni, GB 256, faili liliingia, ila kurasa nyingine zinafunguka na nyingine zinagoma. Na telefone zinaona Wi-Fi, zinaunganika, halafu zinasema hakuna intaneti na zinatoka zenyewe.

Katuba_Info (Lubumbashi)

La kwanza: flash imeformatiwa FAT32, ambayo haibebi faili moja linalozidi GB 4, hata ikiwa na nafasi ya GB 60. Iformati upya kwa exFAT. Itafuta kilichomo, kwa hiyo nakili vitu vyako kwanza.

La pili linatisha zaidi. Hiyo kadi inaelekea ni ya uongo: imeandikwa 256 juu, ndani ni 32 au chini ya hapo, na imedanganya kompyuta. Inapojaa inaandika juu ya kilichokuwepo bila kulalamika. Ipime kwa H2testw kwenye Windows, au f3write kisha f3read kwenye Linux. Inajaza kadi nzima na kusoma tena. Kwa GB 256 inaweza kuchukua saa nyingi, iache usiku umeme ukiwepo. Ikionyesha sehemu zilizopotea, irudishe dukani siku hiyo hiyo. Kuanzia sasa nunua kwa makubaliano hayo: "nitaipima, ikiwa ya uongo ninarudisha". Muuzaji anayekataa sharti hilo amekupa jibu.

Kadi ikiwa nzuri, thibitisha na faili lenyewe: linganisha namba ya sha256 (namba ya kuhakiki kwamba faili ni zima) iliyotolewa pamoja na ZIM. Kupakua GB 30 kwa mtandao unaokatika, tumia torrent au `wget -c`, ambayo inaendelea pale ilipokatikia. Kivinjari cha kawaida mara nyingi kinaanza upya, na mega zimeshaliwa.

La tatu si ubovu. Telefone inajaribu kufika intaneti, inakosa, inarudi kwenye data ya SIM. Zima data ya simu, unganisha tena, na ujumbe wa "hakuna intaneti" ukitokea chagua kubaki. Halafu kwenye kivinjari andika anwani ukianza na http:// bila s. Wengi wanaandika jina tupu, kivinjari kinakimbilia https na kusema ukurasa haupo. Chapisha anwani kamili kwa herufi kubwa, bandika kila meza. Kama mliwasha Wi-Fi kwa NetworkManager, programu ya mtandao ya Linux, kwa kawaida anwani ya kisanduku ni 10.42.0.1.

Angalieni pia namba za milango (port), ile namba inayofuata anwani baada ya nukta mbili: Kolibri inatumia 8080. Kama mmeiweka Kiwix nayo 8080, moja haitawaka na hamtajua kwa nini. Kiwix iende 8090.

Wi-Fi ya ndani ya Pi isitegemewe kwa darasa. Ikifika vifaa kumi hivi inaanza kukataa wageni. Ndiyo maana Fundi aliweka kifaa cha pembeni. Kiungeni kwa waya wa mtandao, kiwekeni juu ukutani, si nyuma ya kabati la chuma.

Na saa: Pi 4 ikizimwa bila intaneti inapoteza tarehe, na ripoti za Kolibri zinaonyesha mtoto amefanya zoezi siku ambayo haipo. Moduli ya DS3231 na batri yake ya kidonge inamaliza tatizo. Data za Kolibri ziweke kwenye diski ya SSD, si kwenye kadi. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kadi ndiyo inakufa kwanza, na matokeo ya muhula mzima yanaenda nayo.

Fizikia_Nguba

Mwalimu, niongeze juu ya maneno ya Mama kuhusu kutazama picha tu. Kila kitu kinategemea swali unalowapa. Ukiuliza "Ziwa Kivu ni nini?", watanakili aya ya kwanza neno kwa neno. Uliza swali ambalo ukurasa una vipande vyake lakini hauna jibu.

Mfano kwa mwaka wa tatu sayansi. Wape kazi: "Gesi ya methani iko kwenye maji ya chini ya Ziwa Kivu. Kwa nini haitoki yenyewe? Tafuta shinikizo kwenye kina cha mita 300." Wanafungua ukurasa wa Ziwa Kivu, wanapata uso wa ziwa uko mita 1,460 juu ya bahari na kina kinakaribia mita 485. Wanahesabu: 1,000 × 9.81 × 300 = 2,943,000 Pa. Kosa ambalo karibu kila kundi linafanya ni kuongeza 101 kPa ya hewa kama kitabu kinavyosema. Hiyo ni hewa ya usawa wa bahari. Kwenye uso wa Kivu ni kama 85 kPa tu. Jumla inafika 3.03 MPa, karibu mara 30 ya hewa ya baharini. Hapo mtoto anaelewa kwa nini gesi imebaki imeyeyuka, kama soda ambayo haijafunguliwa.

Kisha, ili waone gesi ikitoka inakuwaje, wafungue ukurasa wa Ziwa Nyos, Kameruni, ambapo tarehe 21 Agosti 1986 gesi ya kaboni (CO₂) ilitoka na kuua zaidi ya watu 1,700. Wamalizie na KivuWatt, mtambo wa umeme upande wa Rwanda, unaovuta methani ya Kivu na kutoa megawati 26 za umeme. Kurasa tatu, hesabu moja, na mtoto anayeliona ziwa kila siku kutoka darasani anajua ndani yake kuna nini. Kipindi kimoja kinatosha kama daftari la Mama liko mezani.

Mwalimu_Kadutu

Hilo la hewa ya Kivu nitalitumia wiki ijayo. Swali la mwisho kwa Fundi: Julai na Agosti shule inafungwa. Vitu vikae vipi?

FundiSola_Bkv

Paneli, kontrola na batri viache vimeungana, kwa sababu batri ya asidi ikikaa miezi miwili bila chaji inaoza kwa ndani. Kisanduku na kifaa cha Wi-Fi vizimwe kwa amri kwanza, halafu vichomolewe. Tableti zisikae zimejaa wala tupu: zishushe mpaka kama asilimia 50, zizime kabisa, zisimame kwenye kabati lenye hewa, si moja juu ya nyingine. Mtu mmoja aje mara moja kwa mwezi azitazame migongo. Iliyovimba hata kidogo isichajiwe tena, itoke nje ya jengo siku hiyo.

Jambo dogo moja: tundu la chaji ndilo linakufa kwanza kwenye tableti za shule. Watoto wasichomeke wala kuchomoa. Mtunza maktaba peke yake, kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa, jua likiwepo.